Korongo Ndani ya Korongo

Bibi alipotua Maskati, na sanduku moja na lugha moja,
aliona bonde kavu la mawe meupe, akasema: hili korongo.
Wenyeji wakamcheka. Hili wadi, mama.
Nami leo nimo humo, buti za mpira mpaka magotini,
kalamu shingoni imefungwa uzi,
nahesabu samaki wasiozidi kidole changu cha shahada.

Mdomo wao uko chini ya kidevu, kama kifungo.
Hulamba jiwe mpaka jiwe ling'are.
Delwar, mkulima wa mashamba ya watu, aliwakuta alipofika kutoka Silheti:
"Jioni natia miguu kwenye falaji,
wananitoa magaga bure."

Kisha vikaja visima vya pampu,
kila shamba na injini yake.
Maji hayazoleki yakimwagika, tulifundishwa hivyo;
hapa juu ya Al-Hamra yalizolewa kwa zamu, nusu saa nusu saa,
karne kwa karne, na daftari lipo.
Injini haikusoma daftari.
Samaki walirudi nyuma pamoja na maji
hadi dimbwi la mwisho, kwenye ngazi za kuogea.
Dimbwi likawa tope. Tope likawa kigae.

Falaji ilipozibuliwa, tukawaleta wengine kutoka mabwawa ya juu,
ndoo mgongoni mwa punda, betri ikipuliza hewa.
Mia tatu na kumi na wawili,
kila mmoja na nukta ya rangi ya chungwa chini ya ngozi.
Nilitia nukta mpaka macho yakatoa machozi.

Aprili: mia moja tisini na mmoja.
Mei: themanini na watatu.
Sulayyim, wakili wa falaji, akafunga kitabu chake cha zamu.
"Binti, hata benki haipotezi hivi."
Akataka nyavu juu ya mfereji wote.

Nikalala garini. Alfajiri nikamwona mwizi:
mrefu, wa kijivu, mguu mmoja majini,
shingo imekunjwa kama mtu anayesubiri jibu la ofisini.
Korongo ndani ya korongo.
Bibi, lugha yako ilijua, au ilikosa tu majina ya kutosha?
Alichoma maji mara moja. Nukta ya chungwa ikapanda, ikashuka kooni.

Darubini ikanionyesha pete ya samawati mguuni,
herufi mbili nyeupe.
Pete za Ghaniya, wa mabwawa ya Al-Ansab,
kule maji taka ya jiji yanakosafishwa yakapoa
na bata, kukuziwa, heroe wakayaamini kabla yetu.
Nikampigia hata kabla ya chai.
"Ndege wako anakula samaki wangu."
Kimya. Kisha, kwa sauti ya mama aliyepata barua:
"Yupo? Amenenepa?"

Miezi kumi na minne hakuonekana. Alikwisha mwandika amekufa.

Sikujua nifurahi wapi.
Nikashuka majini kwa hasira, na kichujio cha mkono,
nikapekua chini ya ngazi, palepale pa kigae.
Wakatoka wanane, wembamba kama sindano ya kushonea kofia,
nikawaweka kwenye sahani nyeupe, nikawageuza, nikawageuza tena.
Hawana nukta.
Hakuna aliyewabeba. Hawajawahi kumwona punda.

Daftari langu halikuwa na safu yao.
Nikachora mstari kwa mkono, umekwenda upande,
na pembeni, penye hali ya hewa,
nikaandika herufi za pete.
Nyavu, nilimwambia Sulayyim, tungoje kwanza.
Hakuniahidi kitu.

Jioni Delwar akavua ndala, akaketi ukingoni.
Nikamuuliza kwa macho.
Akangoja, akachezesha kidole gumba.
"Wapo," akasema. "Ila hawa bado hawajui kung'ata."